Tumbo Lenye Kifungo cha Kijani

Kwa wewe ambaye hatukuonana wiki zilizopita, sogea ukae. Nitakueleza kwa ufupi ili waliokuwepo wasichoke.

Mimi ni yule bibi niliyefungiwa kengele yenye kamera mlangoni. Watoto wangu wawili wanaishi mbali, na walitaka kumwona kwenye simu zao kila anayekuja kwangu. Fundi aliyekuja kuifunga, yule ninayemwita Haina Shida, alikuwa na ekstensheni fupi. Keekee yake haikufika juu, kwa hiyo akatoboa pale ilipofika, usawa wa kiuno cha mtu mzima. Kengele yangu haioni nyuso. Inaona matumbo.

Siku ile alinisimamisha mbele yake ili inijue. Nilikuwa nimevaa gauni langu la bluu lenye mifuko miwili mikubwa. Kengele ikalitazama gauni, mwanangu huko aliko akaandika “Mama” kwenye simu yake, na mambo yakaishia hapo. Nikivaa la bluu, kisanduku cha sebuleni kinasema kwa sauti ya mwanamke aliyelala vizuri, “Mama yuko mlangoni.” Nikivaa la kahawia kinasema, “Mtu asiyejulikana yuko mlangoni,” na watoto wanapiga simu kuniuliza kama nimemwona mtu akiingia kwangu.

Makubaliano yetu yalikuwa mepesi. Kengele ikionyesha kwamba niko salama, nabaki nyumbani kwangu. Ikionyesha vinginevyo, nahamia kwa binti yangu, kwenye chumba ambacho dirisha lake linatazama ukuta wa jirani.

Niliwaacha pale binti yangu aliposhuka kwenye gari na sanduku kubwa la nguo. Alikuwa amelibeba kwa vidole viwili tu. Lilikuwa tupu.

“Shikamoo mama,” alisema, na kabla sijaitikia alikuwa ameshanishika kifundo cha mkono, macho kwenye saa yake. Ni muuguzi mkuu wa wodi. Salamu na mapigo ya moyo huvipata kwa pamoja.

“Marahaba mwanangu. Bado nipo.”

“Naona. Kaa.”

Nilikaa kwenye kiti changu mwenyewe kama mgonjwa aliyeitwa jina lake. Yeye akaweka simu mezani, akaigeuza inielekee.

“Mama, huyu ni nani?”

Niliitazama vizuri. “Ni tumbo.”

“Naona ni tumbo. La nani?”

“Sasa mwanangu, nitalijuaje? Halijaandikwa.”

Akasogeza kidole. Tumbo likaingia ndani ya nyumba yangu. Akasogeza tena. Tumbo likatoka, na mikono miwili chini yake ikijifuta kwa kitambaa.

“Hii ni wiki iliyopita,” akasema. “Hii ni juzi. Hii ni jana. Kila mara ni mchana, na kila mara wewe hupo. Linaingia, linakaa, linatoka likijifuta mikono. Mama, uko wapi mchana?”

“Kwa jirani. Namsaidia kupinda mapindo.”

Jirani yangu ni mshonaji. Mchana napitia mlango wa nyuma, nakaa naye, tunashona tukiwasema watu kidogo kidogo, bila ubaya. Mlango wa mbele nauegesha tu. Nyumba hii haijawahi kufungwa kwa ufunguo mchana, na nilimwahidi binti yangu kwamba nitaufunga. Hilo nalo nalikiri hapa.

Akavuta kiti chake karibu, akashusha sauti ile anayoitumia kwa ndugu wa wagonjwa.

“Mama, kama una mtu, sema. Sisi ni watu wazima.”

“Mtu gani?”

“Mwanamume.”

“Mwenye tumbo hili?”

“Mimi sihukumu.”

“Mwanangu, baba yako alikuwa mwembamba hata upepo ukivuma namshika shati. Nitaanza kuzoea tumbo leo?”

Hakucheka. Ila aliziba mdomo, na mimi nikaweka moyoni kwamba alitaka kucheka.

Sasa nikuambie kitu ambacho sikumwambia yeye wakati ule.

Nilipoliona lile tumbo, watu wengine wangeogopa. Mimi nilipumua. Nilipumua kama mtu aliyevuliwa kiatu kinachombana.

Kwa sababu nyumbani kwangu kulikuwa na mambo. Bomba la jikoni, ambalo limedondosha maji tangu mume wangu akiwa hai, lilinyamaza. Nilikaa chini yake na kiganja wazi nikisubiri tone, halikuja. Kisha kile kiti kinachoyumba kikaacha kuyumba. Kisha komeo la mlango wa mbele, lililokuwa likilia kama bata, likawa kimya.

Hakuna aliyeniambia ametengeneza. Ninaishi peke yangu. Nikafanya hesabu ambayo mtu yeyote angeifanya, nikaona basi ni mimi. Nimetengeneza, nimesahau.

Mwanzoni nilijipongeza. Nilimwambia hata jirani kwamba nimetengeneza bomba. Akaniuliza kwa kutumia nini. Nikarudi nyumbani kutafuta vifaa vyangu vya ufundi, na nilipomaliza kuvitafuta ndipo nikakumbuka kwamba sijawahi kuwa navyo.

Siku hiyo nilikaa kitandani nikishika magoti. Halafu gauni langu la bluu likapotea kwenye kamba ya nguo. Nililianika mwenyewe, na nilipokwenda kulianua, halikuwepo. Nikasema, haya. Kumbe ndivyo inavyoanza.

Sikumwambia mtu. Binti yangu akisikia neno kusahau, sanduku linajaa kabla sijamaliza sentensi.

Kwa hiyo unaona nilipokuwa nimebanwa. Nikisema simjui mwenye tumbo, nyumba si salama, nahama. Nikisema nilidhani ni mimi ninayetengeneza vitu, kichwa si salama, nahama. Milango yote miwili ilikuwa inatokea kwenye kile chumba cha ukuta.

“Tumpigie mdogo wako,” nikasema, ili kupata nafasi ya kufikiri.

Kitindamimba wangu anafanya kazi katika ofisi moja ya maji, kitengo cha kupokea simu za wateja. Anavaa hedifoni tangu asubuhi na kuwasikiliza watu waliokasirika. Ni kazi inayofaa moyo wake, tangu utotoni hajui kumkatisha mtu. Binti yangu akapiga, akaweka sauti ya nje.

“Karibu, nikusaidie nini?” mwanangu akasema.

“Ni mimi dada yako.”

“Ndiyo, mpendwa mteja. Nakusikia.”

Binti yangu akaitazama simu. Mimi nikamnong’oneza, “Mkubwa wake amesimama nyuma yake.”

“Wewe si ndiye uliyesema utaangalia kamera ya mama?”

“Ni kweli, mteja.”

“Kuna mwanamume anaingia humu kila mara.”

“Tunasikitika kwa usumbufu uliojitokeza.”

“Nitakuja hapo nikunase kibao.”

“Maoni yako ni muhimu kwetu.”

“Mwanangu,” nikaingilia, “umekula?”

“Ndiyo, mama mteja,” akasema kwa sauti ndogo. “Asante kwa kuuliza.”

“Mama, usimharibu,” binti yangu akasema. “Wewe, nijibu. Huwa unaangalia au huangalii?”

“Mfumo wetu umeunganishwa, mteja. Kengele inasikika kwenye hedifoni hizi hizi za kazini, ili tusikose chochote.” Kisha akaongeza haraka haraka, “Kapita, kapita. Dada, naapa huwa nasikiliza kila kitu, ila saa za kazi simu zinafuatana, sina hata nafasi ya kutazama. Anarudi. Asante kwa kuwasiliana nasi.”

Ikakatika.

Binti yangu alikaa akiitazama ile picha ya tumbo iliyorudi kwenye kioo. Nilimwonea huruma. Alikuwa ameendesha gari tangu alfajiri, na soksi zake hazikufanana.

“Hii kitu haina sauti?” nikauliza.

“Ina sauti. Nimeizima. Siwezi kusikiliza milango wodini.”

“Iwashe basi, tusikie tumbo linasema nini.”

Akaiwasha. Akairudisha nyuma mpaka mara ya kwanza kabisa. Tumbo likasimama mbele ya mlango wangu kwa adabu, mikono imekunjwa.

“Hodi,” likasema.

Na kengele yangu ikajibu, “Karibu, nikusaidie nini?”

Tulitazamana. Ilikuwa sauti ya kitindamimba wangu, safi kabisa, na nyuma yake unasikia wenzake wakiomba radhi.

“Mimi nilikuja tu kwa ajili ya hii kengele,” tumbo likasema. “Lakini nasikia bomba la jikoni linadondosha maji.”

“Pole sana. Linadondosha kwa muda gani sasa?”

“Kwa mlio huu, miaka.”

“Tatizo lako limepokelewa. Fundi atafika kulishughulikia.”

Tumbo likafikiri. “Fundi ndiye mimi.”

“Kwa hiyo fundi amefika?”

“Amefika.”

“Vizuri. Karibu aendelee na kazi. Kuna lingine?”

“Kuna kiti kinayumba hapa, nakiona kutokea mlangoni.”

“Kwa hilo itabidi uwasiliane nasi siku nyingine. Asante.”

Na tumbo likafuta viatu kwenye zulia, mguu wa kulia kisha wa kushoto, likaingia.

Binti yangu alisimama, akatembea mpaka dirishani, akarudi. “Tumemwekea mama mlinzi,” akasema polepole. “Tumemwekea mlinzi, na mlinzi ndiye anayekaribisha watu.”

“Amelelewa vizuri,” nikasema. “Mtu akibisha hodi, aitikie nini?”

“Mama, hilo siyo la kujivunia. Na bado hatujui ni tumbo la nani.”

Nikaichukua simu, nikavaa miwani. Picha ilisimama pale tumbo lilipogeuka ili likunje mwavuli. Shati lilikuwa la kahawia, vifungo vya kahawia, isipokuwa kimoja katikati, pale shati linapobanwa zaidi. Kile kilikuwa cha kijani.

Na kifungo kile nakijua, kwa sababu ni mimi niliyekishona. Siku ya kufunga kengele, fundi alijinyoosha kuifikia waya, kifungo chake kikaruka mpaka chini ya kabati. Kwenye kopo langu la vifungo hakukuwa na cha kahawia. Nikamwambia, baba, itabidi uvae kijani. Akasema, haina shida.

“Mpigie fundi,” nikamwambia binti yangu.

Fundi alikuja kupitia mlango wa nyuma, kofia mkononi, akiwa amevaa lile shati.

“Kwa nini leo umepita nyuma?” binti yangu akamwuliza, mikono kiunoni.

“Leo nimeitwa na mama mwenyewe, dada. Mbele napita nikiitwa na ofisi.”

“Ofisi ipi?”

“Ofisi ya kengele.” Akanigeukia mimi. “Mama, wale watu wana heshima sana. Nilikuja siku ya kwanza kwa sababu sikulala. Nilikuwa nafikiria jinsi nilivyoiweka chini kengele yako. Wakanikaribisha, wakanipa kazi ya bomba. Nikimaliza naaga pale mlangoni, wananiuliza kama nimeridhika na huduma. Mimi nimekuwa fundi tangu nywele zangu nyeusi. Hakuna aliyewahi kuniuliza kama nimeridhika.”

“Ukawajibu nini?” nikauliza.

“Nikasema nimeridhika.”

“Na hukuona vyema kumwambia mwenye nyumba?” binti yangu akasema.

“Niliuliza, dada. Nilisema, huyu mama hayupo, nani atamwambia? Wakasema mteja atajulishwa.”

Binti yangu akaenda jikoni akamletea maji ya kunywa, kwenye glasi nzuri, zile za wageni. Sikumwambia achukue hizo. Alichagua mwenyewe.

“Na kengele? Si ndiyo iliyokuleta?” akamwuliza. “Kwa nini mpaka leo iko chini?”

Fundi akanywa maji yote kwanza. “Ekstensheni bado ni ile ile,” akasema.

Hapo binti yangu akacheka. Alicheka mpaka akakaa kwenye mkono wa kochi, jambo ambalo tangu utotoni nilimkataza, na leo nikaliacha lipite.

Alipotulia, akageuka.

“Lakini mama. Bomba lilipona, kiti kikapona, komeo likapona. Wewe ulidhani nani anatengeneza?”

Ningeweza kusema nilidhani ni jirani. Ningeweza kusema sikugundua. Nilitazama mikono yangu.

“Nilidhani ni mimi.”

“Wewe?”

“Nilidhani natengeneza halafu nasahau. Niliogopa kukwambia.”

Alikuja akapiga magoti mbele ya kiti changu na kunishika tena kifundo cha mkono. Safari hii hakutazama saa. Fundi akageukia ukuta, akaanza kuchunguza soketi isiyo na tatizo lolote, na kwa hilo namshukuru mpaka leo.

“Kwa hiyo kichwa changu ni kizima,” nikasema.

“Kichwa chako ni kizima, mama. Kibovu ni kichwa cha mdogo wangu.” Akainuka, akalisukuma lile sanduku kwa mguu mpaka nyuma ya mlango, mahali ambapo watu huweka vitu wasivyovihitaji. “Fundi ataipandisha kengele, wewe utafunga mlango, na mimi nitarudi kazini. Kuna kingine?”

Alikuwa anauliza tu, kama anavyouliza wodini akizima taa. Siku zote hizi nilikuwa nimejizoeza kuficha, na sasa nilikuwa nimechoka kuficha, na joto la mkono wake lilikuwa bado kwenye wangu.

“Kuna gauni,” nikasema.

“Gauni gani?”

“Lile la bluu. Nililianika, sikuliona tena.”

Akamtazama fundi. Fundi akainua viganja.

“Gauni si mimi, dada. Mimi ni bomba, kiti na komeo.”

“Labda upepo,” binti yangu akasema.

“Nililibana kwa vibanio. Vibanio vipo.”

“Vipo wapi?”

“Kwenye kamba. Vimebana hewa.”

“Basi labda uliliweka mahali, mama. Tutalitafuta.”

Akaanza na kabati la nguo, kama ambavyo mtu yeyote angeanza. Akatazama chini ya kitanda. Akatazama kwenye kapu la nguo chafu. Fundi akaungana naye, akatazama nyuma ya pazia. Halafu binti yangu akaingia jikoni, nikasikia mlango wa friji ukifunguliwa.

Nilijua kwa nini. Amekaa na wazee miaka mingi, anajua wanakoweka vitu vikianza kuwaponyoka. Sikumlaumu. Lakini nilipousikia ule mlango wa friji, niliangalia nyuma ya mlango wa sebule, lile sanduku nikaliona limesogea karibu, ingawa hakuna aliyeligusa.

Ndipo kisanduku cha sebuleni kikasema, kwa ile sauti ya mwanamke aliyelala vizuri:

“Mama yuko mlangoni.”

“Asante,” binti yangu akajibu kutoka ndani ya friji.

Kisha akatoa kichwa.

Alinitazama. Fundi akanitazama, pazia mkononi. Mimi nikajitazama pia, kuhakikisha. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti, ndani ya gauni la kahawia, mikono magotini.

Simu mezani ikawaka. Tukainama wote watatu. Pale mlangoni palikuwa na kiuno cha mwanamke, gauni la bluu, mifuko miwili mikubwa. Mkono mmoja ulikuwa umetiwa mfukoni mpaka kwenye kifundo, kama ninavyoutia mimi.

“Huyo ni nani, mama?” binti yangu akanong’ona.

“Hodi,” ikasema sauti ya nje. Ilikuwa sauti ya mwanamke mzima, na siwezi kuapa kwamba haikuwa yangu.

Binti yangu alirukia simu ili aizime. Alichelewa. Huko mbali, katikati ya wateja wake, kitindamimba wangu safari hii alikuwa ametazama kioo, na ameshaona jina langu.

“Karibu mama,” akasema kwa upendo. “Ingia tu, dada yupo ndani.”

Na lile komeo, ambalo tangu litengenezwe halina tena mlio, likaanza kusogea. Nitawaacha hapo mpaka wiki ijayo.